Mulango Yenye Haikutoka Kampala

Dieume wangu,

Barua ya watu wengine inaanzaka na kusema miye niko muzima, sijui kama weye uko muzima. Weye najua. Uko hapa nyuma ya pazia, unafunga valise, unaifungua tena, unaifunga. Mutu angesikia angefikiri unabeba vitu ya waziri. Uko na suruali mbili na ile miwani ya soudure, ya kuchomea vyuma.

Ningekuita tuseme haya maneno kwa mudomo. Lakini mudomo yangu unaijua. Ikifunguka tu, inaanza kucheza mbele ya watu, hata kama watu wenyewe ni weye peke yako. Kalamu inanichelewesha, na kwa haya maneno nahitaji kucheleweshwa. Niliachia masomo ku cinquième primaire, darasa ya tano, ni kweli, lakini usicheke. Mwalimu wetu kule kwetu Kilo alisemaka mwandiko yangu iko muzuri kuliko akili yangu.

Sitakuambia ukule muzuri, ufue nguo, uombe mbele ya kulala. Mama Régine mwalimu wako alikuambia yote hiyo, na maneno yake unasikiaka kuliko yangu. Sina wivu. Kidogo tu.

Nataka kukuambia juu ya Kampala.

Huku Lumumba, mutaa yetu ya Bunia, hakuna mwenye ananiita Mama Dieume. Hata mutoto mwenye wametuma chumvi anasema naenda kwa Mama Kampala. Hiyo jina nilijipa miye mwenyewe. Nilifika Kampala kweli, kununua vikwembe, vitenge ya kuuza, na wakati nilirudi niliisema ile muji mpaka majirani wakajua barabara yake kuliko miye. Sikuwaambia kama siku ya kwanza nilipotea asubuhi mpaka jua ikazama, valise ku kichwa, nikizunguka soko moja ile ile, mpaka muuza mandazi mumoja akaanza kunisalimia sawa jirani. Hapa nilisema walinitembeza muji muzima. Haikuwa bongo yote, si uongo mutupu. Kutembea, nilitembea.

Basi wakati walikukamata, bongo ilikuwa tayari na nyumba yake. Ilikuwa inangoja mupangaji tu.

Sitarudilia ile mambo ya moto, pikipiki ya yule motard. Ulikuwa unasoma deuxième, mwaka ya pili ya sekondari, ulifuata wale vijana wakubwa wa ku rond-point, pale barabara zinazunguka, mukamunyang'anya motard moto yake. Wakubwa wakakimbia, weye ukabaki. Ulikwisha kuilipa kwa miaka yako, na ulienda peke yako kumuomba yule motard musamaha, bila kuniambia. Nilisikia kwa watu. Nilikuwa nauza, nikaacha kikwembe ya mutu juu ya meza bila kumupa bei.

Lakini ile asubuhi ya kwanza, weye ukiwa mu kasho ya polisi, jirani yetu Mama Furaha alinikuta ku bomba ya maji. Akasema, "Mama Kampala, Dieume iko wapi? Sikumuona akienda masomo."

Nikasema, "Dieume? Alienda Kampala kusoma. Dada yangu njo alimuita."

Sina dada Kampala. Dada yangu mwenye iko, iko Komanda, anauza makala ya kupikia.

Maneno ilitoka mu kinywa bila kuniuliza ruhusa. Na ilipokwisha kutoka, ilitaka kula kila siku, sawa mugeni mwenye hasemi atarudi kwake lini. Walikupeleka ku gereza kubwa, na weye unajua gereza yetu: mutu mwenye familia haimuletei chakula, anaangalia wengine wakikula. Miye nilipaswa kuleta chakula bila avenue nzima kuuliza chungu inaenda wapi. Njo hapo nilitafuta ile valise.

Ulikuwa unaona valise inafika tu. Haukuona ilikuwa inatoka namna gani. Nilikuwa navaa kikwembe ya safari, kitambaa ku kichwa, na kiatu yenye ilikuwa inanibana. Nasimama mbele ya parcelle, kiwanja yetu, naita motard kwa sauti, "Nipeleke ku agence ya magari, naenda kuangalia mutoto wangu Kampala!" Majirani wananiaga. Tukifika ku kona, namuambia motard, "Geuka. Ku gereza." Wa kwanza alicheka mpaka alikaribia kutuangusha mu mufereji. Ku mulango ya gereza mulinzi anafungua valise, anakuta fufu, sombe ya majani ya muhogo, na makayabo, samaki ya chumvi, imefungwa mu plastiki. "Mama, unahamia huku?" Namuambia, "Ndiyo, nipe chumba yenye iko na dirisha." Kwa ile mulango hakuna mulinzi mwenye sikumuchekesha. Nilikuwa najisifu hata kwa hiyo.

Weye haukucheka. Siku ya kwanza uliniona na valise, haukuangalia chakula. Ulishika mukono yake, ukaniuliza, "Mama, unaenda wapi?"

Na miye, badala ya kukuambia siendi mahali, niko hapa, nilisema, "Naenda Kampala, kukutembelea." Nilifikiri ile ni maneno ya kuchekesha sana. Ulikula polepole, ukiangalia valise. Ilinichukua miaka kuelewa kama ile siku ulifikiri nakuacha. Ningekuwa na uwezo wa kurudia siku moja tu ya maisha yangu, singechagua ile nilikuwa musichana na watu wote wa Kilo walikuwa wananiangalia nikipita, na walikuwa wananiangalia kweli, uliza mutu yeyote. Ningechagua ile. Ningekuja na chungu ku kichwa.

Kisha walikufungua. Miye, mama yako mwenye akili, nilikungoja ku mulango na suruali mupya, viatu, na miwani ya jua. Tulizunguka nusu ya Bunia na moto ili tutokee upande ya barabara ya Mahagi, sawa watu wanatoka mupakani. Watu walijaa mu parcelle. Mumoja akasema, "Dieume, sema kidogo Kiingereza." Ukasema neno moja yenye ulijua, kisha ukasema kichwa inakuuma, ukaingia kulala. Nikawaambia ni safari, Kampala iko mbali. Neema mudogo wako akakuletea maji, akaketi pembeni yako, na yeye hakuuliza kitu. Ule mutoto hakurithi kwangu.

Mama Régine alisema nikurudishe mu deuxième, pale uliachia, mu shule yenye inapokea watoto wenye walipotewa na miaka. Yeye njo alikuwa anakuja na chaki mu gereza, kuwafundisha nyie vijana, alijua kichwa yako inafika wapi. Miye nikamujibu, "Mutoto mwenye alisoma Kampala, atarudi namna gani na watoto wa deuxième?" Nilimuambia hivyo yeye, mwenye alikuwa anakuona mu gereza kila juma. Aliniangalia sawa mutu anaona mbuzi juu ya paa.

Nikakupeleka mu quatrième, madarasa mbili mbele, kwa shule yenye uniforme yake iko muzuri. Préfet, mukubwa wa shule, akauliza bulletin, karatasi ya alama. Nikasema ilibaki ku duwane, kwa watu wa forodha. Akasema atangoja. Nikatoka nikijisifu njia nzima kama nimeshinda préfet. Na weye uliingia mu ile darasa. Sikukaa ku banc yako, lakini siku moja nilipita na vikwembe yangu nikakuona ku dirisha: mwalimu ameandika ubao nzima na herufi na namba, wengine wanaandika, weye umeshika kalamu na haiendi. Uliniona. Nikakupungia mukono. Nilikuwa naweza kuingia, nimuambie préfet ukweli, nikutoe pale. Nilipunga mukono.

Juma kidogo, uniforme ikabaki ku musumari na weye ukarudi ku rond-point. Wale vijana wakubwa hawakuuliza bulletin. Kwao ulikuwa wa darasa yao.

Sikiliza, hii ndiyo maneno yenye inaniuma kuandika, kwa hiyo nitaiandika haraka. Gereza haikukurudisha ku rond-point. Miye njo nilikurudisha. Kulikuwa mulango moja wazi, fupi, ya kuinamia kidogo, na miye nilisema mutoto wangu hainami.

Mama Régine alirudi. Niliona anakuja na barabara, majirani wako inje, na wengine wanajua anafanya kazi gani. Nikatuma Neema mbio amuambie apite nyuma. Yule mama, na viatu yake safi, alipita nyuma, kando ya choo, akakanyaga pale kuku wanalala, akaingia. Nikaanza: karibu mama, unajua Dieume tangu arudi Kampala...

Akasema, "Mama, yule wa Kampala simujui. Natafuta Dieume."

Ulitoka mu chumba mbele hata nikuite. Ulivaa viatu. Mulitoka na mulango ya mbele, wote wawili, mbele ya kila mutu.

Ya centre, pale Mama Régine alikupeleka kujifunza kazi, unaijua kunipita. Asubuhi soudure, kisha masomo. Ulikaa na watoto wenye magoti yao iliingia muzuri mu banc na ya kwako hapana, ukajifunza tena kugawanya, na haukufa. Mulikuwa wenye walitoka gereza, wenye walitoka mu pori na bunduki, na wenye walikosa tu mutu wa kuwalipia masomo, na muliunguza mikono ile ile. Ulikuwa unarudi jioni na macho nyekundu, suruali imejaa matundu ya moto, ukilala sawa mutu muzima mwenye ametoka kazini. Nilikuwa nakuangalia ukilala. Nilikuwa na furaha, na hakuna mutu nilikuwa naweza kumuambia furaha yenyewe ni ya nini.

Sasa tufike ku mulango.

Mulango yako ya kwanza uliitengeneza na bati yenye wengine walitupa. Uliipaka rangi ya bluu. Uliisukuma na pousse-pousse, ule mukokoteni, kutoka centre mpaka huku, ukatoa mulango yetu ya mbao yenye panya walikuwa wanapita bila kuinama, ukaweka yako. Pembe ya chini inakwaruza sakafu, lazima kuinyanyua kidogo na muguu. Leo mutu akifungua bila kuinyanyua, najua ni mugeni.

Majirani walikuja. Mama Furaha akapitisha mukono juu yake. "Mulango muzuri kabisa. Ilitoka wapi?"

Ulikuwa umepiga magoti, unakaza vis ya mwisho na bisibisi. Ulinyanyua kichwa.

Na miye nikasema, "Kampala."

Niliona uso yako. Ulimaliza vis. Ulikusanya vyombo, kimoja kimoja, ukafuta sakafu pale rangi ilidondoka. Siku kadhaa haukusema na miye hata ya kusema nipe chumvi. Neema alikuwa anabeba maneno kati yetu, "Dieume anasema maji imeisha," sawa balozi.

Nataka ujue sikusema vile juu mulango ilinipa haya. Ilikuwa kitu muzuri kuliko vyote vyenye viliingia mu hii nyumba. Njo maana nilisema Kampala. Kwangu kitu muzuri ilikuwa na jina moja tu.

Nikuambie juu ya baba yangu, babu yako mwenye haukumukuta. Alikuwa anachimba dhahabu Kilo. Kule, muchimbaji mwenye hakupata kitu alikuwa anatoka mu shimo akiimba. Kwa sauti kubwa, anacheza hata, ili wenzake wasiangalie mikono yake na mwenye duka aendelee kumukopesha muchele. Mwenye amepata anatoka kimya. Anapita kati ya watu akiangalia chini, sawa mutu anaenda chooni, mpaka kwake. Siye watoto tulikuwa tunasikiliza. Tukisikia baba anaimba ku njia, mama anaweka maji peke yake ku moto. Alikuwa na sauti muzuri sana, baba yangu. Tulikula vibaya sana.

Miye niliimba miaka yote ile weye uko ndani. Na wakati ulitoka na kitu mu mukono, sikujua kunyamaza.

Mama Furaha akarudi, anataka mulango sawa ile. "Niagizie na miye kule Kampala." Nikakimbia kwako, nikifikiri nimepata dawa ya kutupatanisha. Nikasema, "Dieume, kazi iko. Tengeneza, tutaipakia ku gari asubuhi, tutaishusha mbele yake sawa inatoka safari. Hatajua."

Ulikuwa unakula. Ulisema, bila kasirani, "Mama, siwezi kutengeneza mulango ya Kampala. Niko Bunia."

Ukanawa mikono, ukaenda kazini.

Nilikaa mbele ya ile sahani mpaka nzi wakaniona. Kisha nikaenda kwa Mama Furaha. Alikuwa anachagua maharagi. Nikabaki nimesimama.

"Ile mulango haikutoka Kampala."

"Ilitoka wapi?"

"Dieume njo aliitengeneza. Na yeye pia hakufika Kampala. Alikuwa mu gereza."

Akatoa jiwe mu maharagi, akaitupa. "Keti, Mama Kampala."

Nikaketi, akanipa sahani nimusaidie.

"Mudogo wangu Justin alifungwa pale," akasema. "Alikula chakula ya valise yako. Dieume alikuwa anamugawia. Anasema sombe yako inakosaka chumvi."

"Mulijua?"

"Avenue nzima."

"Na kila mara munaniuliza, Kampala iko namna gani, Dieume anasoma namna gani. Kwa nini?"

Aliniangalia sasa. "Juu tusipouliza, ungelia."

Basi nikalia pale pale, na ile sahani yake ya maharagi ku magoti yangu. Alichukua sahani yake, akaiweka chini. Kisha akasema, "Mulango yangu, nataka rangi ya kijani. Na umuambie pembe ya chini aipime muzuri. Ya kwako inakwaruza."

Ile ya kijani haikwaruzi. Napitaka pale makusudi, naifungua, naifunga. Mama Furaha anachoka na miye.

Sasa unaenda Aru, kwa muzee Adrona, fundi wa vyuma mwenye anakupa kazi, na unajua ilibaki kidogo usiende. Wakati alipiga simu kutaka kusema na muzazi, alikuwa na swali moja tu: hii miaka yote mutoto alikuwa wapi. Ulikuwa umesimama mbele yangu, unaangalia viatu. Nakuambia kweli, Kampala ilikuwa ku ncha ya ulimi, imevaa nguo, imebeba valise. Nikasema, "Muzee, ngoja, yeye mwenyewe atakuambia." Nikakupa simu. Ile ndiyo kazi nguvu kuliko zote nilifanya, na nilizaa weye mwenye kichwa kubwa.

Ulimuambia yote. Moto, gereza, rond-point, centre. Kisha nikasikia sauti yake, "Unajua kuchoma bati nyepesi bila kuitoboa?"

Ukasema, "Mara ingine natoboa, muzee."

Nilitaka kukufinya. Yeye akacheka, akasema, "Basi kuja. Wenye hawatoboi kamwe walikwisha kuniharibia bati mingi."

Kule Aru hakuna mwenye anakujua, Dieume. Utashuka mu gari na unaweza kuwa mutoto wa mutu yeyote, mwenye alitoka popote. Kuna utamu ndani ya ile, na miye ndiye fundi wa huo utamu, kwa hiyo niamini. Si lazima usimulie maisha yako kwa kila mwenye anakuuzia sabuni. Yako ni yako. Lakini siku mutu mwenye anakupenda atakuuliza, usijitengenezee Kampala. Inataka chakula kila siku, na haikupendi. Na Mama Régine akikutafutia ile shule ya jioni kule, ingia kwa darasa yenye unaelewa, hata kama magoti yako itabaki inje mu njia. Utaifikia diplôme. Usipoifikia, nitakuja mwenyewe kukaa ku banc na weye, na miye nina cinquième yangu, siko mutu wa kudharau.

Valise ni ile ile. Niliisugua na sabuni, na ndimu, niliiweka ku jua, lakini makayabo haijatoka na naona haitatoka. Ukiifungua kule kwa watu, wakauliza harufu ni ya nini, utaona mwenyewe utawajibu nini. Haya maneno nayaweka chini ya suruali ya kazi.

Kesho ku agence, watu wa avenue watakuja, na Mama Furaha amesema anakuja na Justin. Watangoja niimbe, wananijua. Watangoja nipige kelele kwa dereva, nimuambie anabeba mutu gani. Utaniangalia kupitia dirisha ya gari na utanikuta nimesimama kimya, naangalia chini, sina neno.

Usifikiri niko mugonjwa.

Mama Dieume